Jina Lililogoma Kufutika

Ostia, siku ya sita ya Machi, mwaka wa kumi na tatu wa Kaisari wetu

Nebris kwa Thalusa, dada yangu wa tumbo moja. Salamu zikukute mzima, wewe na shemeji Trophimus.

Dada, leo sina habari za supu. Najua umezoea nikuandikie mambo ya jikoni, nani kaunguza dengu, nani kamwagia mgeni mchuzi wa samaki mapajani, nawe unaniambia umecheka mpaka shemeji akauliza kulikoni. Leo sina. Restutus anataka kumuuza Pusina.

Kuna mtu wa Sisilia mwenye karakana ya kufuma. Anatafuta watoto wa vidole vyembamba wa kusokota uzi. Juzi alikuja hapa Jogoo, kilabuni kwetu, akala, akanywa, akamwona mwanangu anacheza na paka chini ya meza. Akamshika mikono, akavitazama vidole kimoja kimoja. Pusina akadhani ni mchezo, akampa na mguu avihesabu vya huko pia. Watu wakacheka. Restutus naye akacheka, halafu wakapeana mikono. Yule mtu atarudi kumchukua sikukuu ya Flora ikiisha, Mei ikianza, bahari ikiwa imetulia.

Ana miaka mitano, Thalusa. Bado analala ameshika sikio langu.

Nilimwangukia Restutus miguuni. Unajua alinijibu nini? "Nebris, mtoto wa mtumwa ni wa mwenye mtumwa. Ndama hamfuati baba. Umesahau?" Nani asahau jambo kama hilo!

Sasa nisikilize. Wewe u huru, Bibi Numisia alikuacha huru katika wosia wake, una mume, una jina mjini. Nenda kwa mrithi wa Bibi. Nenda kwa mzee yeyote anayejua sheria. Mimi Bibi aliniuza kwa yule mjane mshonaji, Kaesia, na Kaesia akaniuza kwa Restutus kabla mwaka haujaisha. Pengine katika kuuzana huko kuna mtu alikosea kitu. Tafuta hata kosa dogo, nitalishika.

Mimi mwenyewe sijambo. Naandaa meza, nafuta meza, nalala. Usiniwazie mimi, muwazie mtoto.

Mdogo wako, Nebris


Puteoli, siku ya kumi na saba ya Machi

Thalusa kwa Nebris wake. Uwe na nguvu.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimeketi, nimemsomea Trophimus akiwa na mikono ndani ya pipa la rangi ya nguo, akaitoa bila kuifuta akachafua mlango mzima. Mlango wangu sasa una zambarau ya kumtosha Seneta. Sikumgombeza. Jua basi hali yetu ilivyo.

Kesho yake alfajiri nilikuwa kwa Mzee Fadius, yule wa sheria anayekula tini na kutema mbegu kwenye maneno yake mwenyewe. Akasema, "Bila kibao cha nta cha mauzo sina la kusema, mama." Nikaenda kwa mrithi. Mrithi anasema hajui. Nikamwambia, mimi nimefagia nyumba hii miaka ishirini, najua mimi. Nikamwonyesha sanduku, chini ya taa iliyovunjika, na kibao kikawepo, muhuri wa Bibi juu yake. Akaniruhusu kukisoma, si kukichukua.

Mdogo wangu, kuna jambo sikukuambia siku ile ulipopandishwa kwenye gari. Nilimlilia Bibi usiku kucha aweke sharti. Akaliweka. Liko pale kwenye nta: mwanamke huyu asiwekwe ukahabani, akiwekwa, awe huru. Sikukutajia kwa sababu ulikuwa na miaka kumi na minane na unalia, na neno lile lilikuwa chafu mno kulitia masikioni mwako siku ya kuagana. Nikasema, halitahitajika, kwa nini nimtishe mtoto wa watu.

Fadius alipolisikia macho yakamtoka. Akaniuliza, je, huyo mdogo wako amewahi kuwekwa chumbani hata siku moja? Maana angewekwa, angekuwa huru tangu siku hiyohiyo, na haidhuru nani alimuuzia nani baadaye. Na mtoto aliyezaliwa baada ya hapo amezaliwa na mwanamke huru, hakuna mtu chini ya jua wa kumuuza. Nikamjibu, koma, mzee! Mdogo wangu anaandaa meza. Naye akatikisa kichwa, eti, "Ingekuwa heri angekuwa kahaba, mama." Nilitaka kumpiga na sahani yake ya tini.

Kwa hiyo namshukuru Juno kwamba sharti langu halikupata kazi, na papo hapo nalia kwamba halina kazi. Trophimus alitoka akaenda kuchochea moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

Tutafikiri jingine. Mpakate Pusina, mwambie mama mkubwa wake anakuja na fimbo.

Thalusa


Ostia, siku ya ishirini na saba ya Machi

Nebris kwa Thalusa.

Dada, keti. Na shemeji kama yupo karibu, mtoe kwanza.

Mimi siandai meza. Sijawahi kuandaa meza hata moja. Siku ya kumi baada ya Restutus kuninunua nilipewa chumba cha tatu, kile chenye kitanda cha mawe na pazia lenye viraka. Juu ya mlango kuna kibao chenye jina la kazi, Melisa. Huyo ni mimi. Nikitoka navaa toga, lile joho la wanaume, la rangi ya udongo, ili watu barabarani wasije wakanisalimu kwa makosa kama mke wa mtu. Pusina nilimzaa mwaka uliofuata. Niliposema baba yake ni baharia aliyeahidi kurudi, sikudanganya sana. Pengine ni baharia.

Zile supu zote zilipikwa na Amazonis, mpishi wetu. Nilikuwa nikitoka namuuliza, leo kumetokea nini jikoni, ili nipate la kukuandikia. Alidhani napenda mapishi.

Nilikuficha kwa sababu ulikuwa na fahari nami. Kila barua unasema, mdogo wangu mikono yake safi. Ningekujibuje? Nilijiambia, kuna mtu mmoja duniani ambaye kwake mimi si Melisa, na huyo nisimpoteze. Sasa nasikia kwamba kitu nilichokuficha miaka sita ndicho kingenifungua siku ya kwanza. Nimecheka, Thalusa. Nimecheka hadi Amazonis akaniletea maji.

Ushahidi unauliza? Upo, au ulikuwepo. Restutus aliniandikisha kwa karani wa wakuu wa soko, jina, umri, kwetu, jina la kazi, maana kilabu kisichoandikisha wanawake wake kinafungwa. Siku ile nilitamani ardhi inimeze. Na Januari hii nilijikaza, nikampelekea karani ule mtungi wa mchuzi wa samaki ulionitumia wewe wakati wa sikukuu ya Saturnalia. Nikamsihi anifute, Pusina asije akakua akasikia mama yake amo daftarini. Akachovya kidole, akaonja, akasema, "Nitaona." Nilimshukuru hadi nje. Mpaka juzi nilikuwa naomba kila siku awe ameona.

Kama unaona haya kuniandikia, sitakulaumu. Mwambie tu Fadius aniandikie yeye.

Nebris


Ostia, siku ya kumi na tatu ya Aprili

Nebris kwa Thalusa, ambaye hajajibu.

Siku kumi na saba. Najua njia ni ndefu, lakini Hilarus wa nyumbu, anayetubebea barua, amekuja na kurudi na hana kitu changu. Alichokuja nacho ni mdomo. Amekaa hapa Jogoo na kikombe chake, akamwambia kila mtu kwamba huko Puteoli kuna kibao chenye sharti na kwamba mke wa mtia nguo rangi anazunguka mji nacho mdomoni. Restutus alikuwa anamimina mvinyo. Aliendelea kumimina kikombe kikiwa kimeshajaa.

Basi sikia vituko. Kesho yake asubuhi kibao cha Melisa hakipo. Mlango umepakwa chokaa. Kitanda cha mawe kimewekewa magunia ya ngano. Toga yangu imechomwa, nikaletewa gauni refu la mke wa mtu, linafagia sakafu. Na mimi, dada yangu, nimekabidhiwa kitambaa cha kufutia meza! Baada ya miaka sita ndiyo naandaa meza kweli, na nakuhakikishia sina kipaji, nimevunja bakuli nne.

Restutus anapita katikati ya wageni akitangaza sifa zangu. "Huyu Nebris mnamwona? Msichana wa heshima, sijapata kuona. Macho chini, mdomo kimya." Wageni wanakohoa. Ghafla nimekuwa kuhani bikira wa hekalu la Vesta.

Nikajaribu mashahidi. Nikamwendea mwoka mikate, anayenijua kwa jina langu na la kazi. Mkewe alikuwa kando yake. Akaniuliza, "Tumeonana wapi, mama?" Nikamwendea mtu wa kamba, nikamwendea yule mpima nafaka mnene. Hakuna anayenijua. Ostia nzima haijawahi kuniona. Miaka sita natembea mji huu watu wananinyooshea vidole, na siku ninayotaka ninyooshewe kimoja tu, vyote vimo mifukoni!

Amazonis yuko tayari kusema, lakini ni mtumwa wa Restutus, nani atamsikiliza. Na yule Msisilia ametuma salamu kwamba anakuja siku saba kabla ya siku aliyoahidi.

Thalusa, niandikie hata matusi.

Nebris


Puteoli, siku ya kumi na nne ya Aprili

Thalusa kwa Nebris, kwa mkono wa Trophimus mwenyewe.

Unaposoma hii, hilo jitu lenye mikono ya zambarau limesimama mbele yako. Mpe maji kwanza, amepanda meli ya mafuta na tumbo lake halipendi bahari.

Usidhani nilinyamaza kwa haya. Siku tatu za kwanza nililia. Siku tatu zilizofuata nilikuwa na hasira na kila mwanamume niliyemwona, hata mwuza mboga. Halafu mrithi akawa amekwenda Capua na funguo za sanduku, nami nikaapa sikuandikii mpaka kibao kiwe mkononi mwangu. Sasa kimo kifuani mwa Trophimus, ndani ya kanzu, kimeshonewa. Kaa ukijua niliketi mlangoni kwa mrithi siku mbili na mkate wangu, mpaka akaona aibu mbele ya majirani.

Eti mikono yako siwezi tena kuisifu kuwa safi? We Nebris, nani alikulea? Mikono ni ileile. Waliochafuka ni wengine.

Na kuna jingine, bora ulisikie kwangu. Trophimus alijua. Miaka mitatu iliyopita alipeleka nguo Ostia, akakutafuta ili anishangaze na habari zako, akaona kile kibao juu ya mlango na wewe umesimama chini yake. Akarudi akaniambia umenenepa. Miaka mitatu anachochea moto unaowaka! Nilimpiga na kijiko cha rangi juzi, halafu nikambusu. Ndiyo maana anakuja yeye. Mtumwa hawezi kujidai mwenyewe kuwa huru mbele ya hakimu. Lazima mtu huru amwekee mkono na aseme kwamba yu huru. Yeye anasema anadaiwa mkono huo.

Ila Fadius anaonya: kibao kinaonyesha sharti, hakionyeshi kwamba limevunjwa. Restutus ataapa wewe ni mwandaaji wa meza, wote huapa hivyo. Kitakachotuangusha au kutuokoa ni kimoja, daftari la wakuu wa soko. Mstari wako ukiwepo, tumeshinda. Ukifutwa, hatuna kitu.

Kwa hiyo mdogo wangu, omba. Omba miungu yote kwamba yule karani ni mwizi, na kwamba ameula mchuzi wangu bure! Na mimi niliutia mtungi ule samaki wa hali ya juu.

Thalusa


Ostia, siku ya ishirini na saba ya Aprili

Nebris kwa Thalusa, salamu, salamu, na salamu tena!

Ameula bure! Dada, ameula bure, mpaka tone la mwisho, na hakugusa kalamu!

Ngoja nianze mwanzo, shemeji ananiambia naandika mbio mno wino unaruka.

Trophimus aliingia Jogoo mchana watu wakiwa wamejaa. Hakunisalimu. Alinijia moja kwa moja, akaniwekea mkono wake wa zambarau begani, mwingine akauweka kichwani kwa Pusina, akasema kwa sauti iliyonyamazisha hata wacheza kete, "Nasema wanawake hawa wawili ni watu huru." Pusina akaniuliza, "Mwanamke wa pili ni nani?" Nikamwambia ni yeye. Alifurahi sana kuitwa mwanamke.

Siku nne baadaye tulikuwa mbele ya hakimu, barazani. Restutus aliapa kama ulivyosema: ninaandaa meza. Alileta hata bakuli. Mtetezi wake akawaita waungwana watatu waje waseme kama wananijua, na wote watatu, dada, wote watatu, waliapa hawajapata kuniona. Nikamtazama yule mpima nafaka. Alitazama dari.

Hakimu akamwita karani na daftari la mwaka wa saba wa Kaisari. Karani alipopita karibu nami hakunitazama. Nikasema moyoni, basi, ameona. Ameona na amefuta, na mimi ndiye niliyemwomba. Nilimshika Pusina mkono kwa nguvu akaniambia namuumiza. Karani akafungua, akalamba kidole kilekile alichochovya kwenye mchuzi, akasogea mstari kwa mstari, na kila mstari nilikufa. Halafu akasoma, sauti kavu: "Siku ya tisa ya Oktoba. Nebris, mtumwa wa Restutus, mzaliwa wa Puteoli, miaka kumi na tisa, kahaba, jina la kazi Melisa."

Nilikaa chini palepale. Nimesikia neno hilo nikitupiwa barabarani pamoja na maganda, na sijapata kulisikia likiwa tamu hivyo. Nilitaka alisome tena. Trophimus alikuwa analia wazi, anajifuta na mikono ile, mashavu yote zambarau.

Restutus akageuka kama upepo. Eti hakujua sharti, Kaesia hakumwambia. Hakimu akamjibu, "Sharti linamfuata mwanamke, halimfuati mnunuzi." Mtetezi wake naye akaona aniachie jeraha: basi aende, ila ieleweke anakwenda na jina baya, sheria haimruhusu mwungwana kumwoa, wala nini wala nini. Hakimu hakuinua hata kichwa. Akasema Kaisari amekwisha kuulizwa hilo akajibu, kazi aliyofanyishwa mwanamke akishikwa utumwani haimharibii jina. Akaamuru iandikwe: niko huru tangu siku ya tisa ya Oktoba mwaka wa saba. Siku niliyotamani ardhi inimeze, ndiyo siku yenyewe. Na Pusina amezaliwa huru.

Msisilia alifika jana. Amazonis alimtengea dengu zilizoungua akamwambia vidole vimeshaondoka.

Nilimvizia karani nje. Nikamuuliza, "Na mchuzi wangu je?" Akakuna shingo. "Mama, nilikusudia. Ilikuwa baridi, na rafu ile iko juu." Nimemwahidi mtungi mwingine. Miungu impe umri mrefu na uvivu usiopungua.

Nebris, huru wa nyumba ya Bibi Numisia


Puteoli, siku ya nane ya Mei

Thalusa kwa Nebris wangu na Pusina wangu.

Nilisomewa na jirani kwa sababu machozi yaliniziba. Nimeshapiga vigelegele, nimeshachinja kuku mweupe, nimeshamwambia mwuza mboga nimemsamehe. Chumba chenu kiko tayari. Kinanuka rangi, lakini kila kitu kwangu kinanuka rangi, mtazoea.

Ila nikizima taa jambo moja linanirudia. Ningefungua mdomo siku ile kwenye gari, ningekuambia hilo neno moja chafu, ungejua usiku wa kwanza kwamba u huru. Miaka sita, Nebris. Nilikuwekea ufunguo, halafu nikaona haya kukuambia uliko.

Nisamehe ana kwa ana, ukiweza. Kwenye barua sitaamini.

Thalusa


Ostia, siku ya kumi na saba ya Mei

Nebris kwa Thalusa.

Meli yetu inaondoka kesho, Hilarus atatutangulia siku moja kama nyumbu wake wakiwa na adabu. Shemeji amekwisha kuanza kushika tumbo, na bado tuko nchi kavu.

Wewe ulinyamaza mara moja. Mimi nilikuandikia supu miaka sita. Kama ni haya tugawane nusu kwa nusu, tena mimi nichukue fungu kubwa, ni langu. Tukifika nitakusamehe na wewe utanisamehe, halafu tule huyo kuku kama mmebakiza.

Jana nilimvalisha Pusina kijimwezi cha shaba shingoni, kama watoto waliozaliwa huru. Ni zawadi ya Amazonis, na Trophimus ameahidi kurudi kuulizia bei yake ili amkomboe. Mtoto akakishika, akauliza ni cha nini. Nikamwambia, ni kwa sababu wewe u huru.

"Tangu leo?"

"Hapana. Tangu ulipozaliwa."

"Yule mtu aliponishika vidole, nilikuwa huru?"

"Ulikuwa huru."

Akakunja pua, utamwona mwenyewe anavyoikunja. Halafu akauliza, "Sasa mbona hamkuniambia?"

Nimemwambia, dada, akamuulize mama yake mkubwa. Jiandae.

Nebris